Kuvunja Masega Si Kutengeneza Gari

Imekuwa desturi katika gereji nyingi za mijini kwamba gari kuukuu likiletwa kwa sababu limepoteza nguvu, fundi huingia uvunguni, hufungua bomba la moshi, huchukua nondo na nyundo, na kabla ya saa moja kupita huwa amekwisha kuyapasua na kuyakung'uta masega yote yaliyokuwamo ndani ya kopo lake. Kopo tupu hurudishwa mahali pake, injini huwashwa, nguvu hurudi, na mwenye gari huondoka akimshukuru fundi. Mara nyingine hata hadaiwi ujira.

Shukrani hiyo yafaa ichunguzwe. Gari limerudishiwa nguvu, lakini ugonjwa uliolipotezea nguvu haukuguswa. Na kifaa kilichokuwa kikisafisha sumu itokayo katika injini kimetolewa. Ni sawa na mwenye nyumba ambaye bomba lake la maji machafu limeziba, naye, badala ya kulizibua, akalikata na kuyaacha maji yatiririke uani kwa jirani. Ndani ya nyumba yake mambo ni shwari. Atakayesema jinsi mambo yalivyo ni jirani.

Habari hii inawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wengi wao wanavyodhani. Ndio wanaonunua, kwa mkopo wa benki au wa chama cha kuweka na kukopa, gari dogo lililotumika Japani kwa miaka mingi, na kulitegemea kwa safari za kazini, hospitalini na mashambani kwa miaka mingine kumi. Gari la namna hiyo, likifika kilomita laki mbili, halina budi siku moja kumfikisha mwenyewe mbele ya swali la masega. Atakavyolijibu ndivyo atakavyoamua juu ya mfuko wake, na juu ya vifua vya watu asiowajua.

Kazi ya masega

Kifaa chenyewe ni kigeuzi cha moshi. Mafundi wamekiita masega, na jina hilo linakifaa sana, kwa maana ndani ya kopo la chuma mna kipande cha kauri, na katika baadhi ya magari cha bati jembamba, kilichotobolewa vitundu vidogo mno, kwa kawaida vipatavyo 60 katika kila sentimita moja ya mraba, mithili ya sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa gramu chache za madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Injini ya petroli hutoa hewa nyingi zisizo na madhara makubwa kwa apumuaye, lakini hutoa pia tatu zilizo mbaya. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ya pili ni mabaki ya petroli ambayo hayakuungua. Ya tatu ni oksidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kuwasumbua hasa watoto na wenye pumu. Hewa hizo zikipita katika masega yaliyokwisha kupata moto wa nyuzi 250 au 300 za Selsiasi, hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, naitrojeni ya kawaida na kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi hiyo bado ina lawama yake katika kuongeza joto la dunia, lakini haimuui mpita njia. Masega mazima huondoa zaidi ya asilimia 90 ya zile hewa tatu mbaya.

Chombo hiki hakikuja duniani kama pambo la matajiri. Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyekuwa akiishi Marekani, alianza kukishughulikia miaka ya 1950, baada ya kusikia habari za ukungu wa moshi uliokuwa umeugubika mji wa Los Angeles. Juhudi zake zilikwama kwa sababu petroli ya siku hizo ilitiwa risasi, na risasi huyafunika madini ya kigeuzi hata yasiweze kufanya kazi tena. Ilibidi sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 iwabane watengenezaji, ndipo magari ya toleo la mwaka 1975 yakaanza kuuzwa huko yakiwa na vigeuzi, na petroli isiyo na risasi ikaanza kupatikana katika vituo. Japani nayo ilianza kutumia kanuni zake kali mwaka 1978.

Barani Afrika risasi ilikawia. Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiondoa katika petroli, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa karibu imekamilika. Dunia nzima iliimaliza mwaka 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Zaidi ya hayo, nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 mafuta ya magari yawe na salfa kidogo sana, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mambo hayo yote yaligharimu fedha na subira, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kuviwezesha vigeuzi vya moshi vifanye kazi. Kuagiza mafuta safi kwa gharama ya taifa zima, kisha kuvunja kwa nyundo kile kifaa ambacho mafuta hayo yaliagizwa yakihifadhi, ni kupanda mpunga na kuwaachia ndege.

Kwa nini hufa

Masega hayafi kwa uzee peke yake. Sheria ya Marekani humlazimisha mtengenezaji wa gari dogo kukidhamini kigeuzi kwa miaka 8 au maili 80,000, yaani karibu kilomita 129,000. Na kwa injini iliyotunzwa, kigeuzi huweza kupita mbali zaidi ya hapo. Kwa kawaida, yakifa mapema, huwa yameuawa, na muuaji hutoka katika injini yenyewe.

Muuaji wa kwanza ni moto unaoruka. Plagi iliyochoka au koili iliyopasuka huifanya silinda moja isiunguze petroli yake. Petroli hiyo hupita mbichi hadi katika masega, nayo huwaka humo. Kopo hupata moto hata likawa jekundu, na kauri huyeyuka na kugandamana. Muuaji wa pili ni mafuta ya injini. Ringi za pistoni zikilika, au sili za valvu zikikauka, injini huanza kunywa oili. Oili hiyo ina fosforasi na zinki, na majivu yake huyapaka madini ya kigeuzi kama chokaa inavyopakwa ukutani. Muuaji wa tatu ni maji ya rejeta yenye dawa yanayopenya kwa njia ya gasketi iliyoungua, pamoja na gundi za silikoni zinazopakwa ovyo wakati wa kuunga injini. Mwisho ni mapigo ya nje: jiwe la barabarani, tuta lililorukwa kwa kasi, au dimbwi la masika linalolipooza ghafula kopo lililokuwa na moto mkali.

Mafuta yaliyochanganywa nayo yana sehemu yake. Mwaka 2011 Serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Injini ya petroli iliyonyweshwa mchanganyiko wa namna hiyo haiunguzi vizuri, na kisichoungua katika silinda huenda kuungulia katika masega.

Na achukuliwe mfano wa mwalimu wa sekondari aliye Iringa, mwenye gari lililokwisha kutembea kilomita 230,000. Taa ya injini imekuwa ikiwaka kwenye dashibodi kwa miezi minane. Hapo mwanzo ilimtia hofu, kisha akaizoea, na mwishowe akaibandika kipande cha karatasi ya gundi ili isimsumbue macho usiku. Kila mwezi anaongeza nusu lita ya oili bila kujiuliza inakokwenda. Baadaye gari linaanza kutoa harufu ya yai viza. Siku moja, akirejea kutoka Morogoro na familia yake, anapita Mikumi salama na Ruaha Mbuyuni salama, lakini mlimani Kitonga gari linakataa. Injini inanguruma, lakini moshi hauna pa kutokea. Nyuma ya gari la mwalimu malori yanapanga foleni. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ile taa ilikuwa imesema mapema.

Mwalimu huyo akifika kwa fundi wa nyundo, atapanda Kitonga juma lijalo bila taabu. Lakini plagi mbovu itabaki mbovu, ringi zitaendelea kunywesha injini oili, petroli itaendelea kupotea, na taa itaendelea kuwaka. Ndiyo maana hoja ya kwamba gari lililovunjwa masega linakuwa na nguvu zaidi ni hoja ya kujidanganya. Ni kweli kwamba lina nguvu kuliko lilivyokuwa limeziba. Lakini mtu aliyetolewa kitambaa puani atapumua vizuri kuliko alipokuwa amezibwa, na hilo halithibitishi kwamba pua ilikuwa adui yake. Masega mazima hayainyang'anyi injini ya kawaida nguvu ambayo dereva wa kawaida anaweza kuihisi.

Matibabu kabla ya kipuri

Hapana budi, kwa hiyo, kusisitiza utaratibu. Wapo wenye magari waadilifu ambao, badala ya kuvunja, hununua kigeuzi kingine, na baada ya miezi sita kinakufa kama cha kwanza. Hao hulaumu kipuri. Aghalabu kipuri hakina kosa. Kimefungwa kwenye injini ileile iliyomuua mwenzake.

Fundi anayestahili kuitwa fundi huanza kwa kuiuliza kompyuta ya gari kwa nini taa inawaka. Lakini hakomei hapo, kwa sababu mashine ya kupimia hutaja dalili, na wala haitoi hukumu. Alama ya kwamba kigeuzi kimedhoofika huweza kutolewa pia na tundu dogo katika bomba la moshi, au na sensa ya oksijeni iliyozeeka. Sensa ni kitu cha bei ndogo kuliko masega, na tundu huzibwa kwa kulehemu. Basi fundi hukagua plagi na koili. Hukagua kiasi cha oili kinachopungua kila kilomita elfu. Hutazama kama maji ya rejeta yanapotea. Husikiliza kama bomba linavuja kabla ya sensa. Hulibisha kopo kwa mpira asikie kama kauri imevunjika na inachezacheza ndani. Akitaka kuhakikisha kwamba kopo limeziba, huifungua sensa ya mbele na kufunga geji mahali pake, akapima jinsi moshi unavyorudisha msukumo nyuma. Kazi hiyo haihitaji jumba la vioo. Inahitaji vifaa vichache, mwanga, na mtu asiyependa kubahatisha.

Ikithibitika kwamba masega yamekufa, na ikiwa kilichoyaua kimekwisha kutibiwa, ndipo suala la kununua linapokuja. Hapo mwenye gari atakuta njia tatu. Ya kwanza ni kipuri halisi cha mtengenezaji wa gari. Hicho hudumu, lakini bei yake kwa gari kuukuu yaweza kumeza mshahara wa mwezi na zaidi, na mara nyingine hukaribia kushindana na thamani ya gari lenyewe. Ya pili ni kipuri kipya cha watengenezaji wengine. Hapa ndipo pa kufungua macho, maana vigeuzi viwili vyaweza kufanana nje kama mapacha, lakini kimoja kimepakwa madini ya kutosha na cha pili kimenusishwa tu. Njia ya tatu ni kipuri cha mtumba, kilichong'olewa katika gari lililokufa. Huweza kuwa kizima, huweza kuwa maiti.

Wenzetu wa ng'ambo hawakuliacha jambo hili kwa bahati ya mnunuzi. Tangu mwaka 1986 kanuni za Marekani zilitaka kigeuzi kipya kisichotoka kwa mtengenezaji wa gari kidhaminiwe kazi yake kwa maili 25,000, na kile cha mtumba kipimwe kimoja kimoja na kutiwa alama kabla ya kuuzwa. Jimbo la California lilikwenda mbele zaidi na kupiga marufuku kabisa vya mtumba. Mnunuzi wa Kariakoo hana ulinzi wa namna hiyo, lakini hakosi ulimi. Aulize dhamana ya maandishi. Aulize kipuri kimetengenezwa kwa ajili ya injini ya ukubwa gani. Amkatae muuzaji anayejibu kwa hasira. Rahisi ni ghali. Na kigeuzi cha bei ya kutupa, kilichofungwa kwa furaha mwezi wa kwanza, hudai bei yake halisi mwezi wa saba.

Bure isiyo ya bure

Limetajwa hapo juu jambo la fundi asiyedai ujira. Ukarimu huo una siri yake. Yale mabonge ya kauri ambayo mwenye gari huyaona kama takataka yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanunuzi wanaozunguka katika gereji wakiyatafuta. Mwezi Machi 2021 bei ya rodiamu katika masoko ya dunia ilizidi dola 29,000 za Marekani kwa aunsi moja, ikawa mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu. Bei hiyo ilishuka sana baadaye, lakini masega yaliyokufa hayakurudi kuwa takataka. Katika miji ya Ulaya na Marekani wezi wamekuwa wakiingia uvunguni mwa magari usiku na kuyakata kwa msumeno. Huku kwetu mwenye gari huyatoa mwenyewe mchana, na kushukuru.

Yafaa msomaji aitafakari safari ya madini hayo. Zaidi ya theluthi mbili ya platinamu inayochimbwa duniani hutoka Afrika Kusini, katika migodi ya kina kirefu kama ile iliyo karibu na mji wa Rustenburg, ambako vizazi vya wachimbaji wameacha afya zao, na wengine maisha yao. Huyeyushwa, husafirishwa, hutiwa katika kauri, hufungwa katika gari, na kwa miaka kumi husafisha hewa ya miji ya watu wengine. Gari linapochoka hurudi Afrika, na hapo Mwafrika huyatoa na kuyauza kwa bei ya chakula cha mchana, yakavuka tena bahari kwenda kuyeyushwa upya. Kinachobaki katika bara lililoyachimba ni moshi usiochujwa.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba karibu asilimia 40 yake yalikwenda Afrika. Hapana ubaya katika kununua gari lililotumika. Bila hilo watumishi wengi wangekwenda kwa miguu. Ubaya ni kulipokea gari ambalo lilikuwa na kinga, na kuinyang'anya kinga hiyo hapa nyumbani kwa hiari.

Wapo watakaosema

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi zilizoshiba. Watauliza kwa nini mwalimu mwenye gari dogo asumbuliwe, hali malori na mabasi makuukuu yanamwaga moshi mweusi barabarani, na hali mkaa unafukiza jikoni kila jioni. Swali hilo lina haki ya kujibiwa.

Jibu la kwanza ni kwamba kosa la lori halilitakasi kosa la gari dogo. Moshi mweusi wa dizeli huonekana, na kwa hiyo hulaaniwa. Ule wa petroli hauonekani, na kwa hiyo husamehewa. Lakini kaboni monoksaidi haihitaji rangi ili idhuru. Jibu la pili ni kwamba magari madogo ya petroli yamekuwa mengi mno. Asubuhi moja kwenye foleni ya Ubungo au Mwenge yatosha kumwonyesha mtu kwamba lile analoliita gari langu moja ni tone katika mto, na mto huo ni wa matone yaleyale.

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote. Husemwa kwamba masega ni gharama kwa mnyonge. Lakini katika foleni hiyo mnyonge ni nani? Dereva amefunga vioo. Nje ya vioo hivyo yupo mama anayeuza maji ya chupa kati ya magari, yupo askari wa usalama barabarani anayesimama makutanoni saa nne mfululizo, yupo kijana wa bodaboda, wapo abiria wanaosubiri daladala, na wapo wanafunzi wanaotembea kando ya lami mara mbili kwa siku, ambao vimo vyao viko karibu na kimo cha bomba la moshi. Hao ndio wanaolipa kile ambacho mwenye gari amekiokoa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema vipatavyo milioni 4.2 duniani katika mwaka 2019. Magari si chanzo pekee cha vifo hivyo, wala hayawezi kuondolewa katika orodha.

Isitoshe, sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye kumpa afya, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2007. Haki iliyoandikwa haiwezi kuwa ya mwenye gari peke yake, na mtembea kwa miguu asiwe nayo.

Yanayopaswa kufanywa

Haifai kumtupia mwenye gari mzigo wote. Yapo yanayozipasa mamlaka, na hayahitaji miujiza.

Kwanza, ukaguzi wa magari utazame pia chini ya uvungu. Mkaguzi anayepima breki, taa na matairi aweza pia, kwa chombo kidogo cha kupimia hewa kinachoingizwa katika bomba la moshi, kujua kwa dakika chache kama masega yanafanya kazi au kopo ni tupu. Yafaa kazi hiyo ianze na magari ya umma, ili mwananchi asiambiwe afanye ambalo ofisi haijalifanya. Ofisa usafirishaji anayetia saini hati ya matengenezo ya gari la idara yake ana wajibu wa kuuliza kama masega yamo, na kama hayamo, yamekwenda wapi.

Pili, forodha na viwango vimsaidie mnunuzi. Kigeuzi kipya kinachoingia nchini kipimwe na kutiwa alama, na kile kilichofaulu kisitozwe kodi kana kwamba ni anasa. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kutokununua kipuri kizuri ikiwa kipuri kizuri hakijulikani wala hakifikiki.

Tatu, biashara ya masega yaliyokufa itolewe gizani. Anayeyanunua awe na leseni, atunze daftari, na amlipe mwenye gari bei inayojulikana kama sehemu ya gharama za kununua mapya. Kwa njia hiyo kile kinachoyavunjisha leo kitageuka kuwa kichocheo cha kuyabadilisha.

Nne, vyuo vya ufundi viwafunze vijana kupima kabla ya kufungua. Fundi wa nyundo si mtu mbaya. Mara nyingi ni kijana aliyejifunza kwa kuangalia, akaletewa gari lenye kompyuta naye hakupewa ufunguo wa kuisoma. Akipewa elimu na chombo, ataona kwamba kutafuta ugonjwa kunalipa kuliko kukung'uta kauri. Na atajiepusha pia na vumbi lake, ambalo si la kuvutwa na binadamu.

Lakini hata kabla mamlaka hazijachukua hatua, mwenye gari ana hatua yake. Taa ya injini ikiwaka, asiibandike karatasi. Plagi zikichoka, azibadilishe kwa wakati, kwa sababu plagi nne ni nafuu kuliko kigeuzi kimoja. Oili ikipungua, aulize inakokwenda. Fundi akimwambia kwamba dawa ni kuvunja, amwombe kwanza amwonyeshe ugonjwa. Na ikibidi kubadilisha, abadilishe kwa mpango, akiweka fedha kidogo kidogo kama anavyoweka kwa ajili ya matairi, wala asingoje Kitonga imkumbushe.

Mwalimu humfundisha mtoto darasani kwamba hewa safi ni uhai. Saa ya kutoka ikifika, mwalimu huyo hupanda gari lake na kuliwasha langoni, na mtoto yuleyule hupita nyuma yake akielekea nyumbani. Somo la asubuhi litakuwa na maana kwa kadiri ya kile kinachotoka katika bomba hilo.